Kabla Hujahesabu

Sabyrjan, ngoja. Noti hizo zirudishe mfukoni kwanza.
Shika kamba hii nikueleze unachonunua.

Anaitwa Jeerde, kwa wekundu wake tu;
sikuwa na akili ya kutafuta jina siku ile.
Alizaliwa Aprili, theluji ikianguka upande upande,
mamaye akamlamba mpaka akafuka mvuke
kama birika.
Miaka mitatu mgongo wake ulibeba mvua, nzi,
na kunguru mmoja mzoefu.
Mtu, hapana.

Kaka yangu Kubanych angemmaliza kwa siku moja.
Unamjua: kamba, matope ya mtoni hadi kifuani,
mjeledi, na jua likizama
farasi anatembea kama aliyetoka kuzika.
Watu wa At-Bashy humwita fundi.
Mimi naona farasi wake wanatii
kama mlango unavyotii teke.

Nilianza na mkono. Mkono mtupu, begani,
nauondoa kabla hajauchoka.
Siku tisa hivyo. Majirani walidhani naumwa.
Kisha gunia tupu la unga:
akalinusa, akapiga chafya, akanitazama
kama mwanangu aliponiona mara ya kwanza na miwani.
Kisha gunia la mchanga, kilo kumi, kilo ishirini,
kisha tandiko la marehemu

(hapa nisamehe, nameza mate)

lililoning'inia ukutani tangu baridi ya mwaka juzi.
Vikuku vilipogongana tulishtuka wawili:
yeye kwa asichokijua,
mimi kwa ninachokijua.
Nilikaza mshipi tundu moja, tukazunguka zizi.
Tundu la pili, tukazunguka.
La tatu nililiacha hadi kesho yake.
Tumbo la farasi halisahau, Sabyrjan;
ukilibana ghafla leo
litakuvimbia kila asubuhi hadi uzeeni.

Mpwa wangu Tilek, miaka tisa, mwepesi kama pumba,
ndiye aliyetangulia juu.
Alilala kifudifudi, kama shuka lililoanikwa,
nami chini nimeshika kamba
nahesabu pumzi za wote wawili.
Masikio ya Jeerde yakagawana kazi:
moja kwa mtoto, moja kwangu.
Kisha akashusha kichwa. Akatafuna hewa.
Akatoa pumzi ndefu iliyotikisa midomo,
na mtoto akajiinua polepole, akaketi.

Hakuna aliyeruka. Hakuna cha kusimulia.
Hiyo ndiyo kazi yangu yote:
siku arobaini na moja
ili jambo lisitokee.

Sasa sikiliza.
Anaogopa mifuko ya nailoni.
Sikio la kushoto usiliguse, kupe walimtesa utotoni.
Usimgeuze kwa kuvuta hatamu;
geuza macho yako uendako, kiuno kitayafuata,
naye atakifuata kiuno.
Akikataa mto, shuka, utangulie wewe.
Maji ni baridi, ndiyo. Hata kwake ni baridi.
Na usimpande ukiwa umekunywa.
Nakutazama machoni nikisema hili.

Nimemfundisha kuuamini mkono.
Kuuliza ni mkono wa nani, sikumfundisha;
sijui hilo hufundishwaje.
Kuna usiku linaninyima usingizi,
na kuna usiku paa la zizi linavuja
nakumbuka bei ya mabati.

Haya, hesabu.
Kamba nenda nayo, ameizoea harufu yake.
Tandiko linabaki.
Mkifika darajani atasimama, ageuze shingo.
Mwache ageuke, usimpige.
Hataona mtu. Mimi nitakuwa nimeshaingia ndani,
nasukuma moto,
natafuta miwani.